Tahadhari: rupia bandia za Mjerumani zinazotembezwa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa hadi Manyoni, kuna watu wanapita minadani na majumbani wakiuza rupia, zile sarafu za fedha za enzi ya Mjerumani, wanazodai zimefukuliwa kwenye maboma ya Wajerumani. Nyingi ni shaba iliyoyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya fedha. Usitoe hela kabla ya kupima.

Anza na mizani ya sonara. Rupia halisi ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30. Iliyochakaa hupungua kidogo tu; ya shaba yenye ukubwa uleule huwa na gramu 9 na nusu hivi. Wajanja huifanya nene ili uzito utimie, na hapo unapima kwa maji: weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa glasi. Mizani ikisoma karibu 1.13, ni fedha. Ikisoma karibu 1.4, ni shaba. Msidanganyike na sumaku, maana hunasa chuma tu, na shaba hupita salama.

Kisha soma maandishi, maana waghushi wengi hunaswa hapo. Rupia za mwaka 1890 hadi 1902 zina simba chini ya mnazi na jina la kampuni, DEUTSCH OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Kuanzia 1904 jina hilo halipo tena, imebaki DEUTSCH OSTAFRIKA. Ukiona neno Gesellschaft pamoja na mwaka 1910, achana nayo. Rupia ya fedha yenye herufi T nayo ni bandia. T ni Tabora, ambako mwaka 1916, vita ikiwa imepamba moto, karakana ya reli ilitengeneza heller (senti za rupia) za shaba na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Hiyo ya tembo ndiyo inayoghushiwa sana: halisi ina gramu 7.17, ya shaba haizidi 4 na kitu.

Tazama pia ukingo. Mshono unaozunguka, vitundu vya hewa na herufi zilizovimba kama sabuni iliyolowa ni alama za kalibu. Kutu ya kijani inayobanduka kwa ukucha imetengenezwa juzi kwa chumvi na siki. Ya kweli imeng'ang'ania.

Sarafu kubwa ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780 inaweza kuwa ya fedha kweli na bado isiwe ya 1780, kwa sababu imeendelea kupigwa chapa kwa mwaka huohuo hadi zama zetu.

Wabaya zaidi ni wanaosema rupia yako "inavuta mchele" au ina zebaki, na kwamba kuna mzungu atailipia mamilioni mradi utangulize "hela ya vipimo". Hakuna sarafu inayovuta mchele. Ukishatuma hela hiyo, simu haipokelewi tena.

Sarafu za bibi na babu msizisugue kwa limau wala majivu, zinapoteza thamani. Pigeni picha pande zote mbili na ukingo, andikeni uzito, na mgeni asizishike peke yake, kwani wapo wanaobadilisha mkononi. Aliyekwisha kutapeliwa asifute ujumbe wala risiti ya muamala. Apeleke polisi, na namba ya tapeli aitume kwenda 15040.