Huduma ya kupanda na kutunza uzio wa duranta: kitalu kimoja cha Ilemela

Vitalu vya miche ni vingi kando ya barabara za Mwanza, lakini vichache hurudi kuangalia walichouza. Kitalu nilichokitumia, kilichopo Ilemela, huuza duranta na michongoma pamoja na huduma ya kupanda na kutunza uzio hadi kiangazi cha kwanza kiishe, na huduma hiyo ndiyo iliyonivutia.

Miche yenyewe inastahili sifa. Ilikuwa imekwisha kuzoeshwa jua, tofauti na ile inayotolewa moja kwa moja kivulini na kuungua majani mara inapofikishwa kwenye kiwanja cheupe. Mwenye kitalu aliniruhusu pia kuchana kiriba kimoja kabla ya kulipa, nikaona kwamba mizizi haikuwa imejisokota chini, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijali kuliko urefu wa mche. Bei imezidi kidogo ile ya wauzaji wa barabarani, na sikuona sababu ya kulalamika.

Upandaji ulifanywa vuli ilipoanza, ili mizizi ipate muda mrefu wa kushika kabla ya ukame wa Juni. Vijana walichimba mfereji mmoja, wakachanganya udongo na samadi iliyooza, wakaondoa viriba vyote na kuacha takriban sentimita 40 kati ya mche na mche. Kiwanja kipo Bwiru, kwenye mawe. Walipokutana na jiwe walisogeza mche kidogo badala ya kuubana juu yake.

Kasoro kubwa ni ratiba ya maji, ambayo inaagiza kopo moja kwa kila mche kila asubuhi. Kwenye kichanga chetu cha milimani, maji kiasi hicho hulowesha tabaka la juu tu, hivyo mizizi hubaki hapo hapo juu, mahali ambapo kiangazi hukausha kwanza. Kinachofaa ni kumwagilia kwa wingi na polepole mpaka maji yazame, kisha kusubiri siku mbili au tatu, hadi kidole kinachochomekwa ardhini kikute ukavu. Msimamizi alikubali kubadili utaratibu kwangu, ila karatasi ile ile bado hugawiwa hata wateja wenye udongo wa mbuga, unaotunza maji muda mrefu na usiohitaji kumwagiliwa kila siku.

Matandazo yao ni magugu maji kutoka ziwani, yaliyokaushwa kabisa na kutandazwa shubiri moja mbali na shina, ili shina lisioze wala kualika mchwa. Ni matumizi mazuri ya kero ambayo wavuvi wetu wanaijua vyema.

Walichokifanya vizuri kuliko vyote ni kupogoa. Miche iliposhika, fundi wao alirudi akakata ncha zote, kazi ambayo wenye nyumba wengi huikataa kwa kuwa wanatamani uzio upande haraka, ilhali mche usiokatwa mapema hukimbilia juu na kuacha matundu ya kupita kuku. Alinielekeza pia kuufanya uzio uwe mpana chini na mwembamba juu, ili jua liyafikie majani ya chini.

Jambo moja hawakulisema wakati wa kuuza: matunda ya duranta, yale madogo ya rangi ya njano, yana sumu. Mwenye watoto wadogo nyumbani ayapogoe maua kabla hayajazaa, au achague michongoma na kuvumilia miiba yake.