Santuri ya Gerry Rafferty: kiitikio kisicho na neno

Wadau, karibuni. Mkononi nina City to City ya mwaka 1978, santuri yenyewe, na leo historia ndefu nairuka. Jueni tu kwamba Gerry Rafferty ni Mskoti wa Paisley, alipiga na Billy Connolly kwenye kundi la Humblebums, kisha akaunda bendi ya Stealers Wheel na Joe Egan. Basi.

Sasa tegeni sikio. Upande wa kwanza, wimbo wa pili, Baker Street. Nashusha sindano... hiyo hapo! Huyo ni Raphael Ravenscroft kwenye saksafoni. Ngojeni, narudisha. Msikilizeni Rafferty anavyoimba beti, polepole, sauti ya mtu aliyechoshwa na jiji. Unajiandaa kupokea kiitikio, na kiitikio hakina neno! Saksafoni ndiyo inayokiimba. Mara ya tatu sasa, ongezeni sauti. Jamani! Ukitia maneno hapo, umeuharibu.

Na uchovu ule aliuishi. Stealers Wheel ilipovunjika, migogoro ya mikataba ilimfunga miaka kama mitatu hawezi kutoa albamu. Akawa mtu wa njiani, Scotland na London, kuonana na mawakili, akilala kwa rafiki yake karibu na Baker Street, mtaa wa London wenye jina la wimbo huu.

Kuna wanaoniandikia, "Mbona humsemi Rod Stewart?" Mwimbaji yule wa roki nampenda, sauti anayo. Ila kwenye utunzi, kwangu mimi Rafferty yuko mbele. Albamu hii ndiyo iliyoing'oa Saturday Night Fever, albamu ya filamu ya disko, kileleni Marekani, disko ikiwa imetapakaa kila kona!

Bei, elfu themanini, mtumba. Muuzaji aliniapia ni safi, kumbe upande wa pili una mkwaruzo. Imeniuma, kwa sababu upande huo niliwahi kuwaambia umepoa, na jana wimbo wake mmoja, Whatever's Written in Your Heart, umenibadilisha kabisa. Nafuta kauli. Sogezeni macho kwenye jalada pia: limechorwa na John Byrne, naye wa Paisley.

Jumamosi tunafungua Night Owl ya 1979, kwa hiyo jiungeni na chaneli mapema. Rafferty alitutoka Januari 2011. Bado dakika chache, na sitaki kuzimaliza kwa kuongea. Narudisha sindano wimbo wa pili, tuusikilize mpaka gitaa la Hugh Burns kule mwishoni.