Kamera ya filamu na lenzi chapati: ipi ya kwanza, ipi ya kuachana nayo

Wanunuzi wengi huanza na bodi ya kamera, lenzi huja baadaye. Anza na lenzi. Bodi ya SLR, yaani kamera ya kioo inayokuonyesha picha kupitia lenzi ileile itakayoipiga, ni sanduku la giza lenye shata (mapazia yanayofunguka kuruhusu mwanga uifikie filamu) na kipima mwanga. Ukishalinunua umefungwa na mdomo wake: lenzi ya Pentax haikai kwenye Nikon, wala Canon FD haikai kwenye Olympus. Kama unatafuta kamera ya kutembea nayo kila siku, inayoingia kwenye mkoba bila kutokeza pua, swali la kwanza ni nani alitengeneza lenzi fupi iliyo nzuri, na je, bado inapatikana kwa bei ya kueleweka.

Lenzi hizo fupi Wazungu wamezipa jina la chapati zao za maji, nasi tutaziita lenzi chapati. Karibu zote zina urefu wa fokasi (kipimo kinachoamua upana wa kinachoonekana) wa milimita 40, 45 au 50, na kuna sababu. Ndani ya SLR kioo huruka juu kila unapobonyeza, kwa hiyo mdomo wa kamera lazima ukae mbali na filamu: milimita 46.5 kwa Nikon, 46 kwa Olympus OM, 45.46 kwa Pentax K, 42 kwa Canon FD, 40.5 kwa Konica. Lenzi ya milimita 40 hadi 50 inaukaribia umbali huo, hivyo inatosheka na vioo vinne au vitano vya mpangilio rahisi. Ya milimita 28 huhitaji vioo vya ziada vya kuisukuma taswira nyuma, ndipo inaporefuka.

Wembamba huo unaulipia kwa mwanga. Namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi, na namba ikiwa ndogo tundu ni pana. Lenzi chapati nyingi zinaishia f/2.8, na f/2.8 hupitisha nusu tu ya mwanga wa f/2. Sebuleni jioni, kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kupokea mwanga), pale ambapo f/2 ingekupa kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde, utabaki na 1/30, na hapo mkono ukitikisika kidogo picha inakuwa na ukungu. Anayepiga zaidi harusi za usiku kuliko barabara za mchana anunue 50mm f/1.8 ya kawaida na avumilie sentimita moja ya ziada.

1. Pentax MX na SMC Pentax-M 40mm f/2.8

MX ilitoka mwaka 1976. Bodi ina gramu 495 na lenzi gramu 110, unene wake milimita 18. Jumla gramu 605, na zote mbili ni chuma na kioo. Shata ni ya mitambo mitupu, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, na betri mbili za LR44 ni za kipima mwanga peke yake. Zikiisha katikati ya safari unaendelea kupiga. Dirisha la kuchungulia lina ukuzaji wa mara 0.97, kiasi kwamba ukifumbua macho yote mawili vitu vinakaribia kulingana ukubwa.

Lenzi ina kasoro zake. Ringi ya fokasi ni nyembamba mno na kidole huteleza hadi kwenye ringi ya tundu. Baada ya kulenga, angalia tena namba ya f. Kwenye f/2.8 pembe za picha ni laini, ikifika f/5.6 inakaza vizuri. Filta yake ni ya milimita 49, saizi isiyosumbua kupata.

Ugonjwa wa MX ni kasi za polepole kunata kwa sababu ya grisi iliyokauka, na kwa kuwa mitambo imebanwa katika nafasi ndogo, si kila fundi anataka kuifungua. Ukikosa iliyo nzima, chukua ME Super ya 1979. Ni nyepesi zaidi, inafika 1/2000, na inakuchagulia kasi yenyewe ukishaweka tundu. Ila shata yake ni ya umeme: bila betri unabaki na 1/125 na B tu (B huiacha shata wazi muda wote unaoshikilia kitufe). Vilevile ina mipira midogo ndani ya mfumo wa kioo ambayo huyeyuka kwa uzee ikawa gundi, na kioo kikaganda juu. Kabla ya kulipa, bonyeza mara thelathini mfululizo.

K1000 (1976 hadi 1997) inatumia lenzi hiyohiyo, na ni kamera ya kuaminika. Lakini sifa ya kuwa kamera ya wanafunzi imeipandisha bei kupita stahili yake, ni nzito kuliko MX kwa zaidi ya gramu 100, na haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Usipoifunika lenzi kwa kifuniko, betri inaliwa polepole kabatini.

2. Nikon FM na 50mm f/1.8 Series E

Hii si chapati halisi, unene wake ni kama milimita 33. Imewekwa hapa kwa sababu bodi ya FM (1977) ndiyo ngumu kuliko zote za orodha hii na mafundi wengi wanaijua. Shata ya mitambo, betri mbili za LR44, na taa tatu dirishani: jumlisha, duara, toa. Series E iliuzwa kama lenzi ya bei nafuu na watu wakaidharau kwa plastiki yake. Picha zake hazina aibu yoyote. Ina f/1.8, uzito karibu gramu 135, na filta za milimita 52 zimejaa sokoni.

Kipima mwanga cha FM hakiwaki mpaka uuvute wenzo wa kupelekea filamu nje kidogo. Anayechungulia kwa jicho la kushoto atachomwa pajini mwa uso, na hilo halina dawa. Jihadhari pia na lenzi kongwe za Nikon za kabla ya mfumo wa AI (namna lenzi inavyoiarifu kamera kuhusu tundu lake): FM na dada yake FE zina kijiko kinachokunjwa ili kuzipokea, matoleo ya baadaye FM2 na FE2 hayana, na ukilazimisha unavunja.

FM2 inafika 1/4000 na ndiyo inayotafutwa, ndiyo maana ni ghali. Kwa filamu ya ISO 200 juani, 1/250 kwa f/16 inakutosha. 1/4000 utaitumia mara chache sana.

3. Olympus OM-1 na Zuiko 50mm f/1.8

Kwa urembo na ukimya ingekuwa ya kwanza. Mbunifu wa Olympus, Yoshihisa Maitani, na wenzake waliitoa mwaka 1972 kwa jina la M-1, ikawa OM-1 mwaka 1973, na SLR nyingine zikaonekana matofali. Kasi za shata ziko kwenye ringi inayozunguka mdomo wa lenzi. Ukizoea, hushushi kamera jichoni. Lenzi chapati halisi ya mfumo huu, Zuiko 40mm f/2, huuzwa kwa bei ya bodi kadhaa za OM-1. Waachie wakusanyaji. 50mm f/1.8 ina gramu 170 na ni fupi vya kutosha.

Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa mambo mawili. La kwanza ni betri. OM-1 ilibuniwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, PX625, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya kisasa ya volti 1.5, kipima mwanga kinadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, kinakuambia ufunge tundu, na negativu zinatoka nyepesi. Suluhisho la bei ndogo ni betri ya vifaa vya kusikia, namba 675, ya volti 1.4: ivishe ringi ya mpira ili isicheze, na ujue kwamba ukishabandua kibandiko chake itakufa baada ya wiki kadhaa hata usipoitumia.

La pili ni sponji iliyowekwa juu ya prizimu. Ikioza inakula rangi ya fedha ya prizimu, na dirishani unaona mabaka meusi au mistari kama ramani. Picha haziathiriki, lakini utayaangalia mabaka hayo kila siku. Mwombe muuzaji picha iliyopigwa kupitia dirisha, lenzi ikielekea mbinguni.

4. Canon EOS ya filamu na EF 40mm f/2.8 STM

Kwa anayetaka fokasi ya kujiendesha. Lenzi ni ya mwaka 2012, ina gramu 130, unene milimita 22.8, na inafanya kazi kwenye bodi za EOS za filamu. Bodi kama EOS 300 (1999) ni ya plastiki, chini ya gramu 400, na kwa kuwa haina mvuto wa kizamani bei yake iko chini. Ubaya wake ni betri: inakula CR2 mbili, na CR2 si betri ya duka la mtaani. EOS za mwanzo, kama 650 ya 1987 na ndugu zake, zina mpira ndani ya shata unaogeuka lami na kupaka mapazia. Fungua mgongo, ukiona doa jeusi lenye kunata kwenye pazia, irudishe.

Zinazobaki

Canon AE-1 (1976) ni maarufu kupita kiasi. Bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja, mlango wa betri huvunjika, na nyingi hutoa mlio mkavu kama kikohozi kila kioo kinapoinuka, dalili kwamba gia za kioo zimeishiwa mafuta. Mlio unatibika, lakini utibiwe kabla hujauziwa. Minolta X-700 (1981) na lenzi ya MD 45mm f/2 ni jozi nzuri ikiwa nzima. Kapasita zake hufa, na hapo wenzo unakataa kabisa kuvuta filamu. Konica Hexanon 40mm f/1.8 ndiyo lenzi bora ya orodha hii nzima kwa uwiano wa mwanga na udogo, ila bodi zake za umeme kama FS-1 hazitabiriki. Inunue kama una kamera ya kidijitali isiyo na kioo ya kuifungia kwa adapta.

Namna ya kuikagua

Muuzaji akiandika "haijajaribiwa", ihesabu kuwa mbovu, bei nayo iwe ya mbovu. Ukiwa nayo mkononi, fungua mgongo, toa lenzi, elekeza kwenye ukuta mweupe. Kwa 1/1000 lazima uone mwanga ukipita kwenye fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia moja linaliwahi jingine. Kwa kasi za chini tumia simu ya video ya fremu 240 kwa sekunde na uhesabu fremu zenye mwanga: sekunde 1 ni 240, 1/8 ni 30, 1/30 ni 8. Ikikosea kwa theluthi si neno, ikikosea mara mbili ni kazi ya fundi.

Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Pwani, kuanzia Dar na Unguja hadi Mombasa, hii ndiyo inayoua lenzi nyingi, kwa sababu hula tabaka la kioo na alama hazitoki hata baada ya kusafishwa. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele usikutishe. Ukungu kioo cha nyuma ukutishe. Kisha sukuma kijiti cha tundu: vibati vyake vifunge na kufunguka papo hapo. Vikichelewa au vikimetameta kwa mafuta, omba punguzo. Ukishainunua, usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika zinazokaushwa mara kwa mara kinatosha.

Sponji za mlango wa nyuma chukulia kuwa zimeoza kwenye kila kamera ya umri huu. Kwangua lami kwa kijiti cha meno na spiriti ya isopropili, kidogo kidogo ili isidondokee pazia, kisha bandika sponji mpya ya milimita 1.5 hadi 2. Kioo kinachoruka ndani ya kamera usikifute kwa kitambaa, rangi yake ya fedha iko juu na huchubuka. Filamu ukiletewa na ndugu kwa ndege, aombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za aina ya CT huziharibu.

Filamu ya kwanza iwe ya majaribio, ya ISO 200. Ukiipakia na kuvuta, tazama kishikio cha kurudishia: kisipozunguka, filamu haijashika na utapiga thelathini na sita za hewa. Simama kwenye kivuli cha wazi mchana, ulenge ukuta mmoja, upige 1/1000 kwa f/2.8, 1/500 kwa f/4, 1/250 kwa f/5.6, 1/125 kwa f/8, 1/60 kwa f/11 na 1/30 kwa f/16. Fremu moja piga gazeti kwa umbali wa sentimita 60, tundu wazi. Ukishaisafisha filamu, negativu sita za ukuta ziwe na weusi sawa. Zikizidi weusi kwenye 1/1000, shata imechoka upande wa juu. Zikizidi kwenye 1/30, grisi imekauka. Gazeti likiwa kali mstari wa nyuma ya ule uliolenga, kioo au skrini ya fokasi imehama. Na michirizi ya rangi ya chungwa inayoanzia pembeni kwenye picha, rudi kwenye sponji, uanze na upande wa bawaba.