Programu za Kuandikia Blogu kwenye Kompyuta: Ipi Imfae Mwandishi wa Tanga

Mwandishi wa blogu aliyeko Tanga hununua bando kwa kipimo, na umeme humkatikia bila taarifa. Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ninayoitafuta katika programu ya kuandikia ni uwezo wa kuhifadhi rasimu ndani ya kompyuta yenyewe na kuipeleka mtandaoni pale tu makala inapokuwa imekamilika. Anayeandika moja kwa moja ndani ya kivinjari hulazimika kubaki hewani muda wote, na mtandao ukiyumba wakati wa kuhifadhi anaweza kupoteza aya nzima.

Nafasi ya kwanza naipa Open Live Writer, programu ya Windows isiyolipiwa hata senti, iliyotokana na Windows Live Writer ya Microsoft baada ya msimbo wake kuachiwa umma mwezi Desemba 2015. Huunganishwa na WordPress, mfumo wa kuendeshea blogu, huonyesha makala kwa sura itakayokuwa nayo kwenye blogu, na huhifadhi rasimu bila intaneti. Nguvu yake hasa iko kwenye picha. Picha ya Mapango ya Amboni iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kufikia megabaiti 4 au 5, lakini programu hii hutengeneza nakala ndogo ya kuwekwa katika makala. Hakikisha tu umeondoa kiungo cha kuelekea picha ya asili, kwani usipokiondoa picha kubwa nayo itapakiwa, na bando litaisha kwa kitu ambacho msomaji hakukihitaji. Kasoro yake ni kwamba maendeleo yake yamezorota kwa miaka mingi. Mwenye blogu ya Blogger aijaribu kwanza kwa makala fupi yenye picha kabla ya kuitegemea.

Ya pili ni LibreOffice Writer, ambayo pia ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Haichapishi yenyewe, hivyo itakubidi kunakili maandishi na kuyabandika kwenye blogu, lakini ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili cha Tanzania, jambo ambalo kwa anayejali lugha yake ni kubwa kuliko mapambo yote.

MarsEdit naiweka ya tatu kwa sababu ya bei peke yake. Ni ya Mac tu na hugharimu takribani dola 60 za Marekani, ingawa hutoa muda wa kujaribu bila malipo. Kwa ubora wa kazi inazipita zote zilizotajwa hapa, na aliye na Mac tayari, anayechapisha kila wiki, ainunue bila kusita.

Microsoft Word ina kiolezo cha makala za blogu tangu toleo la 2007, lakini huacha alama nyingi za HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti) zisizo na kazi. Usiinunue kwa ajili ya blogu.

Kabla ya kulipia au kupakua chochote, muulize anayekuhifadhia tovuti iwapo faili la xmlrpc.php, mlango ambao programu za nje hupitia kuingia kwenye WordPress, limeachwa wazi, maana wengi hulifunga kwa usalama, na likifungwa Open Live Writer haitaingia kwenye WordPress yako. Likiwa wazi, tengeneza nywila ya pekee ya programu hiyo, huduma iliyomo ndani ya WordPress tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, ili kompyuta ikiibiwa uifute hiyo tu.