Waya wa kinga au vizuia radi: laini ya mtaani inahitaji nini?

Kanda ya Ziwa radi haikauki, na mabishano ya waya wa kinga au vizuia radi pia. Waya wa kinga huvutwa juu kabisa ya nguzo ili upokee pigo kabla ya nyaya za umeme. Kwenye laini kubwa za kusafirishia hufanya kazi vizuri. Kwenye laini za mtaani, za kilovolti 11 au 33, vikombe vinavyotenga nyaya na nguzo ni vidogo: ardhi ikiwa ya mwamba au mchanga mkavu, mkondo wa radi hukosa pa kushukia, ukaruka hadi kwenye laini yenyewe. Wezi wa shaba wakikata waya wa ardhini, umebaki na pambo.

Vizuia radi, vifaa vinavyoshusha ardhini umeme wa ghafla uliozidi kwenye laini, ni nafuu ukivifunga penye transfoma tu. Penye miti mirefu na majengo, radi nyingi zinazosumbua laini hupiga jirani, haziigusi ila huamsha umeme wa ghafla ndani yake, hapo vinashinda. Ila huharibika kimyakimya, lazima mtu apite kukagua.

Laini mpya, mlima wazi, udongo mnyevu: waya una hoja. Laini kongwe ya mjini ningeianzia kwenye transfoma.