Fundi kaniambia nizibe na plasta

Nianze na hilo la plasta, maana ndilo limenikaa kooni mpaka leo.

Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Kigoma. Wakala mmoja wa vifaa tiba alituletea mirija mipya ya mashine ya kupumulia, maboksi yakaja na basi. Usiku mmoja mwezi uliopita, kama si ule wa nyuma yake, chumba cha upasuaji wakapiga simu: mgonjwa anakuja, andaeni mashine. Nikafungua seti mpya. Mrija wa kuingiza hewa kwenye tundu lake, wa kutolea kwenye lake, filta mahali pake, mdomo wa ile Y, kiungo kinachokutanisha mirija miwili upande wa mgonjwa, nikauziba, nikaiacha mashine ijipime. Ikakataa. Inavuja.

Nikakaza viungo vyote, nikarudia. Inavuja. Nikaanza kuinamisha shavu kwenye kiungo kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta pancha ya baiskeli, mpaka kwenye kikombe cha kukingia maji upande wa kutolea hewa nikasikia kaubaridi. Nikakifungua. Ule mpira mwembamba wa duara unaokaa shingoni haupo. Kikombe cha upande wa pili kinao.

Nikampigia fundi wao, namba iko kwenye boksi. Hata salamu aliipokea kwa shida. "Sista, mbona mnapenda kulalamika? Zungushia plasta hapo. Mashine itafidia yenyewe." Nikamwambia, kaka, huyu anayekuja hapumui mwenyewe. Akanijibu kwamba ameshafunga mashine nyingi kuliko miaka yangu kazini, akakata simu.

Kaka fundi, kama unasoma hapa: kufidia kwa mashine kuna mwisho wake. Nikiweka mililita 400, sehemu inaishia njiani na kifua hakipati kilichokusudiwa. Ile presha ndogo tunayoibakiza mapafuni mwisho wa kila pumzi, ili vifuko vya hewa visijifunge, inashuka. Tena mashine inaweza kudhani ule mvujo ni mgonjwa anavuta hewa, ikaanza kumsukumia pumzi ambazo hakuziomba. Na plasta unaibandika kwenye kikombe ambacho kazi yake ni maji! Ingelowa kabla hakujakucha.

Mungu saidia tulikuwa na seti moja ya zamani haijafunguliwa. Mgonjwa alipofika, mtaalamu wa usingizi akaendelea kumkamulia ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, kwa mkono mpaka mashine ikamaliza kujipima na kukubali. Ndipo tukamuunga.

Sasa nisiseme uongo. Siku zilizofuata tulifungua seti nyingine za boksi lile lile, zote zimekamilika, na mirija yenyewe ni mizuri kuliko ya zamani. Haijikunji tukimgeuza mgonjwa. Kikombe unakitoa umwage maji, na shingo inajifunga yenyewe, presha haipotei. Tunaipanga ipite chini ya usawa wa mdomo, kikombe kikiwa ndiyo sehemu ya chini kabisa, ili maji yanayojikusanya yasirudi kifuani, na ule mkono wa kushikilia unaibeba bila kuvuta mpira wa hewa ulioko kooni mwa mgonjwa. Kwa hayo ningetoa nyota nne, na nilikaribia kuzitoa.

Lakini Kigoma si mahali pa kuvuka barabara ukanunue kipuri. Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwetu sisi muuzaji ni yule anayepokea simu usiku, na yule aliyepokea alinifundisha kumhatarisha mgonjwa, kisha akanitukania kazi yangu.

Baadaye mama mmoja wa ofisini kwao alinipigia, akaomba radhi, akatuma bahasha imejaa vile vimpira. Namshukuru kwa moyo wote. Nilipomuuliza kuhusu plasta akasema fundi alikuwa amechoka. Mama yangu, hata mimi nilikuwa zamu ya usiku!

Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu. Nimefuta, naweka moja. Vimpira viko kwenye kikopo juu ya kabati, na kila seti tunayofungua naanza kwa kukagua shingo za vikombe vyote viwili. Mirija tutaendelea kuitumia. Ila siku ya kuja kufanyia mashine matengenezo, naomba walete fundi mwingine.