Uzoefu wangu: usiku wa chemsha bongo ulioharibiwa na swali la Katanga

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa usiku wenyewe umekwisha kupita kitambo. Mgahawa mmoja wa hapa Dar es Salaam, upande wa baharini, huandaa chemsha bongo kwa wateja wake, na sifa yake kubwa ni kwamba maswali ya kila duru yameshikwa na uzi mmoja uliofichwa: unajibu maswali ya historia, wanyama, safari na siasa ambayo kwa juu hayahusiani hata kidogo, kisha mwishoni unatakiwa kutaja kitu kimoja kinachoyaunganisha majibu yote. Chakula na kiingilio sitavizungumzia, kwa kuwa hayo mtu anaweza kuyauliza kwa simu. Ninachotaka kijulikane ni namna mzee wa watu alivyodhalilishwa mbele ya ukumbi mzima kwa kosa la kujua jibu.

Haki itendeke kwanza kwa maswali, maana yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea. Tuliulizwa ni mnyama gani wa baharini mwenye mioyo mitatu, tukaandika pweza. Tukaulizwa ni sanamu gani iliyozinduliwa katika bandari ya New York mwezi Oktoba 1886, kisha ni mji gani uliokuwa jirani na mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwezi Septemba 1961. Majibu ni Sanamu ya Uhuru na Ndola. Likaja swali la reli yenye urefu wa kilomita 1,860 inayoanzia jijini mwetu na kuishia Kapiri Mposhi, ambalo kila meza ilianza kuliandika kabla halijamalizwa kusomwa, na baada yake swali la mji wa kale wa pwani ya kusini ambao sarafu zake ziliokotwa na askari mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Huo ni Kilwa.

Mezani kwetu uzi ulianza kuonekana kwenye TAZARA. Mtu anayejua kwa nini reli ile ilijengwa anajua pia ilikusudiwa kubeba nini: baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilikuwa ikipitisha utajiri wake kwenye reli za watu wasioitakia mema, na Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakakubaliana na China ijengwe njia ya kufika baharini kwetu. Utajiri huo ulikuwa shaba. Ukishalitamka neno hilo, majibu mengine yote yanageuka mbele ya macho yako. Damu ya pweza ni ya buluu kwa sababu hewa ya oksijeni husafirishwa ndani yake na kemikali yenye shaba, pale ambapo damu yetu hutumia chuma. Sanamu ya Uhuru imevikwa mabati ya shaba, na ule ukijani wake ni shaba iliyokaa miaka mingi kwenye upepo wa bahari. Ilipozinduliwa ilikuwa na rangi ya kahawia. Ndola ni mji wa Ukanda wa Shaba. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba. Nilisisimka kwelikweli, na kama usiku ungeishia hapo, leo ningekuwa nawahimiza nyote mwende na familia zenu.

Swali la mwisho kabla ya lile la uzi liliuliza ni jimbo gani la Kongo lililotangaza kujitenga mwezi Julai 1960. Pamoja nasi alikuwepo mzee mmoja, baba mkwe wa rafiki yangu, mzaliwa wa Lubumbashi tangu mji huo ukiitwa Élisabethville, ambaye alikuwa mtoto siku Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga huko. Tukamkabidhi kalamu kwa heshima, akaandika Katanga kwa mkono wake, huku akitusimulia bendera ya wakati ule iliyokuwa na misalaba mitatu ya rangi ya shaba, kwa kuwa misalaba ya shaba ndiyo iliyokuwa fedha ya watu wa kule kabla Wabelgiji hawajafika. Naamini hapakuwa na meza nyingine ukumbini iliyopata somo kama lile.

Mshereheshaji akasoma kwenye kipaza sauti kwamba jibu sahihi ni Shaba, na kwamba walioandika Katanga wamekosa.

Jimbo lile liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971, Mobutu alipokuwa akibadilisha majina ya nchi nzima, hadi mwaka 1997 alipoangushwa na jina la zamani likarudishwa. Mwaka 1960 hapakuwa na jimbo lolote la Kongo lenye jina hilo. Tshombe alitangaza Katanga, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipigana Katanga, na Hammarskjöld mwenyewe, yule wa swali lao la Ndola, alikuwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe juu ya Katanga alipokufa. Yaani karatasi yao wenyewe ilikuwa na ushahidi wa kosa lao.

Mzee alinyanyua mkono, akasubiri apewe nafasi, akasema kwa upole, "Mwanangu, samahani, mwaka ule ilikuwa Katanga. Shaba ilikuja nyuma, wakati wa Mobutu." Kijana yule, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alimjibu kwenye kipaza sauti, "Mzee wangu, Kiswahili chenyewe kinakupiga chenga, sembuse historia? Kaa tuendelee." Meza kadhaa zikacheka. Mzee akakaa, akakunja miwani yake, na hakusema neno jingine mpaka tulipoondoka.

Hili ndilo lisilonitoka moyoni. Kiswahili cha Lubumbashi hakimpigi mtu chenga. Ni Kiswahili kamili chenye historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, watu wa lugha mbalimbali, ikawaweka pamoja katika kambi zake, na lugha waliyoelewana kwayo kazini na nyumbani, ambayo watoto wao walikua wakiizungumza, ni Kiswahili. Wale waliokuwa wakitafuta uzi wa shaba usiku ule walikuwa na mtu aliyelelewa nao, ambaye hata lugha ya kinywani mwake ilikomazwa na migodi hiyo hiyo, wakamcheka. Hata kama jibu lake lingekuwa na kasoro, na halikuwa nayo, hapakuwa na ruhusa ya kumvunjia heshima mtu wa rika lile mbele ya mkwewe na wajukuu zake.

Nimejiuliza sana kosa la karatasi lilitoka wapi, na naona nalielewa. Aliyetunga maswali alikwisha kuamua kwamba uzi wake ni shaba, akakumbuka kwamba lipo jimbo lililowahi kuitwa hivyo, na tamaa ya kulitia jina hilo kwenye majibu ikamshinda, akaupinda mwaka 1960 ili ufuate uzi. Chemsha bongo za aina hii zina hatari hiyo daima: kwa kuwa majibu yanategemeana, mtungaji anashawishika kulivuta moja lifike anapotaka yeye. Cha kusikitisha ni kwamba hapakuwa na haja. Katanga yenyewe imejaa shaba kuanzia ardhini hadi kwenye bendera ile aliyotusimulia mzee, na jibu la Katanga lingeukamilisha uzi vizuri zaidi kuliko kuutaja uzi wenyewe kwa jina na kuzipa bure meza zilizokuwa hazijaugundua. Kweli, meza mbili nyuma yetu ziliandika shaba mara tu baada ya hapo, na sizilaumu.

Sisi pia tulikuwa tumeandika shaba, tukapewa alama za uzi, na jumla ikatufikisha nafasi ya kwanza. Nalisema hili ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba ninalalamikia zawadi. Zawadi tuliiacha mezani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Nilipofika kwenye pweza na Kilwa nikaona ningekuwa namwonea mtungaji, kwa sababu ni nadra kupata hapa mjini mtu anayeweza kuufunga moyo wa pweza na reli ya TAZARA kwa uzi mmoja, na kazi kama hiyo inastahili watu wengi zaidi. Kwa hiyo nilitaka kuwashauri mwende, ila mchague usiku wenye mshereheshaji mwingine. Lakini nikiyakumbuka yale maneno, na wale waliocheka, na wahudumu waliokuwa wamesimama pale pale wakisikia bila hata mmoja kuja mezani kutuuliza kulikoni, nabadilisha tena: msiende kwanza.

Meneja alinipigia baada ya malalamiko yangu ya maandishi. Alizungumza kistaarabu, akakiri kwamba wamehakikisha na kwamba jibu letu lilikuwa sahihi, akaahidi karatasi itarekebishwa na tutapewa kiingilio cha bure tukirudi. Nikamuuliza mzee je. Akasema suala hilo atalizungumza na kijana wake ndani kwa ndani. Nilimjibu kwamba mzee hakutukanwa ndani kwa ndani, alitukanwa kwenye kipaza sauti, na kwamba nyumba anayoishi tutawaelekeza siku watakayokuwa tayari kwenda na huyo kijana kumwomba radhi. Mpaka naandika haya hawajauliza njia.